Ana miezi 14, chakula kikiwa na punje tu anatapika: jibu kwa mama Rukia wa Ujiji

Mama Rukia, waalaykum salaam na pole na mtoto. Ujumbe wako mrefu lakini umenisaidia sana, maana wengi wananiandikia "mtoto hali nifanyeje" halafu basi, hapo unabaki hujui uanzie wapi. Kwa mnaosoma pembeni, swali lake kwa kifupi ni hivi: binti ana miezi 14, ananyonya vizuri, uji mwepesi anakunywa, chakula kilichopigwa blenda kikalainika kabisa anakula kidogo, ila kikiwa na punje hata za wali uliopondwa anafanya "ghoo" na kutapika vyote. Nyumbani wamefika hatua ya kumlaza mapajani, mmoja kashika mikono mwingine anambana pua na kummiminia uji. Mama mkwe anasema ni kimeo kirefu na kuna mzee anajua kukikata, jirani anasema ni meno ya plastiki, duka la dawa wamemshauri vidonge vya hamu ya kula. Anauliza afuate lipi.

Usifuate hata moja. Naanza na hili kwasababu ndo lenye haraka, mengine tutayaendea taratibu.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho, na ukimfungua mdomo mtoto anayelia na kukohoa lazima utakiona kikubwa na chekundu, hata cha kwako kingeonekana hivyo ungekuwa umelia nusu saa. Hakimzuii kumeza. Kukikata na wembe au kisu cha kienyeji kunaleta damu isiyokata, vidonda kuingia wadudu, pepopunda, na kifaa kikizungushwa kwa watoto wengi hata virusi vya Ukimwi vinapita. Meno ya plastiki nayo hivyohivyo, ile nyeupe wanayoichokonoa kwenye fizi ni jino la kawaida la mtoto ambalo bado halijatoka, na watoto wamekufa kwa kupungukiwa damu na maambukizi baada ya kuchokonolewa. Homa au kuharisha wanakosema kumeletwa na hayo meno huwa na sababu nyingine, na huku kwetu Kigoma ya kwanza kuipima ni malaria.

Vidonge vya hamu ya kula vinavyouzwa mitaani mara nyingi ni saiproheptadini, dawa ya aleji ambayo kuongeza hamu ni athari yake ya pembeni, inalegeza na kusinzisha, na kwa mtoto chini ya miaka miwili usalama wake haujathibitishwa. Kuna wengine wanachanganya na deksamethasoni, hiyo ndo kabisa, mtoto atavimba mashavu mtasema kanenepa kumbe kinga ya mwili inashuka. Halafu fikiria, Rukia hana shida ya hamu. Mtoto asiye na hamu hanyonyi vizuri wala hakimbilii kikombe cha uji kama ulivyoandika. Njaa anaisikia vizuri sana, kinachomshinda ni kukichakata chakula mdomoni, na sasa hivi juu ya kushindwa ameongezewa na kuogopa.

Kadi ya kliniki uliyonitumia picha yake nimeiangalia. Miezi 11 alikuwa kilo 7.7, miezi 14 kilo 8.2. Ni mwembamba kidogo ukimlinganisha na wastani wa wasichana wa umri wake ambao ni kama kilo 9.4, lakini mstari wake unapanda, haujalala. Hiyo maana yake tuna muda wa kufanya kazi bila kupaniki, sio kwamba tuna muda wa kukaa.

Sasa tatizo lenyewe. Umesema kuanzia miezi 6 mpaka leo kila kitu kinapita kwenye blenda, wali, nyama, ndizi, mpaka ugali. Nakuelewa, ilikuwa kwa nia nzuri, na kina mama wengi wa mjini siku hizi wananunua blenda kabla hata mtoto hajafika miezi 6. Lakini mdomo unajifunza kwa umri. Kati ya miezi 6 na kama 10 ndo kipindi ulimi unajifunza kusogeza chakula pembeni kwenye fizi, taya linajifunza kuponda, koo linazoea kwamba kitu chenye umbo sio adui. Watoto wanaocheleweshewa punje mpaka kupita miezi 9 au 10 wengi wao baadae wanakuwa wagumu kulisha, hili limeonekana kwenye tafiti na mimi naliona kila wiki kazini. Rukia anajua kunyonya na kumeza maji maji, basi. Ukimpa wali anaupeleka moja kwa moja nyuma kama anavyopeleka uji, koo linakuta punje, linarusha nje.

Ile "ghoo" yenyewe msiiogope kiasi hicho. Kwa mtoto mdogo sehemu ya ulimi inayoamsha kutaka kutapika iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima, na inarudi nyuma kadiri anavyozoea kushika vitu mdomoni. Ni ulinzi. Anayefanya "ghoo" anatoa sauti, anakohoa, anakuwa mwekundu, halafu anaendelea. Aliyekwamwa kweli huwa KIMYA, hawezi kulia wala kukohoa, midomo inabadilika rangi. Huyo hamumpi maji na hamuingizi kidole kutafuta msichokiona, mnamwinamisha kichwa kikiwa chini ya kifua mnampiga kwa kiganja kati ya mabega mara 5, isipotoka na kashavuka mwaka mmoja unasimama nyuma yake unabana tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara 5, unarudia huku mwingine anatafuta usafiri. Chini ya mwaka mmoja tumbo haliguswi, badala yake unabonyeza katikati ya kifua. Kila mtu hapo nyumbani ajue hili kabla hatujaanza punje, hata dada wa kazi.

Kitu cha kwanza kubadilika ni leo na sio wiki ijayo: kumlaza na kummiminia kuishe. Najua kitamsikitisha bibi yake kwasababu yeye alilea hivyo na watoto wakakua. Lakini mtoto anayelia huku amelala chali amebanwa pua, akivuta pumzi uji unaweza kushuka kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo inalaza watu wodini. Na hata usiposhuka, kila mlo anajifunza kwamba kijiko kikija ni mateso, ndo maana umesema siku hizi akiona tu bakuli lile la njano anageuza uso. Mtoto wa ziwani hajifunzi kuogelea kwa kushikwa kichwa chini ya maji.

Badala yake mgawane kazi na mtoto. Wewe unaamua anakula nini, saa ngapi, na wapi. Yeye anaamua ale kiasi gani, au asile. Siku za mwanzo atakula kidogo mno na roho itakuuma, vumilia, ananyonya hatakufa njaa. Mlo usizidi nusu saa, akigeuza kichwa mara ya kwanza subiri kidogo umpe tena bila maneno mengi, akigeuza tena toa bakuli bila hasira na bila kumfukuzia na kijiko nyumba nzima. Simu yenye katuni pia weka mbali. Wanaomlisha huku anaangalia katuni wananiambia "anakula vizuri sana", ndio, anameza bila kujua anameza, siku bando likiisha mnarudi palepale.

Akae wima. Sio mapajani amelegea, akae mkekani mgongo ukiegemea ukuta au miguu yako, makalio yamekaa sawa, miguu imekanyaga kitu. Mwili ukiyumba mtoto anatumia akili yake yote kutoanguka, hana nafasi ya kutafuna. Na akae pale mnapokula nyie, sinia likiwa katikati, sio yeye mapema jikoni peke yake na dada. Kutafuna anakujifunza kwa kuona mdomo wa mtu mwingine unatafuna. Hapa ndo mpe bibi kazi, na nakwambia kwa uzoefu hii inapunguza maneno ya kimeo kuliko mihadhara yangu yote: mwombe mama mkwe awe ndiye anayekaa ubavuni kwa mjukuu wake wakati wa kula, amwonyeshe anavyotafuna, asimpe chochote mdomoni, amwekee tu kipande mkononi. Mwambie "mama, mtaalamu kasema wewe ndo anakuangalia sana". Si uongo pia.

Blenda iweke juu ya kabati. Hatua tunazipanda hivi, na usiruke. Anza na kile anachokubali lakini kiwe kizito zaidi, uji unaosimama kwenye kijiko bila kudondoka kama maji. Akizoea siku kadhaa, chukua kiazi kitamu au ndizi ya kupika iliyoiva vizuri, ponda kwa uma mpaka iwe laini, lakini kwa uma, ile hali ya kutofautiana kidogo ndo tunayoitaka. Halafu punguza kuponda, iwe ovyo ovyo yenye vibonge vinavyobonyezeka kwa ulimi tu. Kosa ambalo karibu kila mtu anafanya ni kutumbukiza wali ndani ya uji au kumpa supu nyepesi yenye vipande, wakidhani anazoeshwa. Maji na punje kwa pamoja ndo chakula kigumu kuliko vyote kwa mdomo usiojua, maji yanataka kumezwa haraka na punje inataka kutafunwa, mtoto anachanganyikiwa anatapika. Mtori wenye mabonge uje mwisho kabisa.

Pembeni ya hatua hizo, kila siku apate vya kushika mwenyewe: kipande kirefu cha parachichi lililoiva, kiazi kitamu kilichochemshwa kikakatwa mfano wa kidole, embe bivu lisilo na nyuzi nyingi. Ukitaka kumsaidia wewe usiweke katikati ya ulimi, weka pembeni kwenye fizi za nyuma, hapo taya lenyewe litaponda, huhitaji kumfundisha. Akikichezea, akakipondea mkekani, akakipaka kichwani, acha. Nguo zitafuliwa. Mtoto aliyekatazwa kugusa chakula kwa mikono mara nyingi hakubali kukigusa kwa ulimi. Na akikataa kitu leo usiseme "parachichi hapendi", inaweza kuchukua mara 10 hata 15 kukionja au kukigusa mpaka akikubali, kina mama wengi wanakata tamaa mara ya tatu.

Ugali wetu wa muhogo usianze nao, sio kwamba ni haramu, ila unavutika na unateleza, hata sisi wakubwa hatuutafuni tunaumeza tu, na lishe yake ni ndogo mno, ni nguvu tupu bila protini ya maana. Akifika kwenye ugali anza na wa dona uliolainishwa kwa mchuzi. Karanga nzima, kashata, popkoni, mahindi ya kuchoma, na dagaa mzima mkavu mweke mbali mpaka afike miaka 4 au 5 hivi.

Nimeona orodha ya mnachopika na kusema kweli mnavyo vitu vizuri ila vinamzunguka tu. Dagaa hawa hawa wa Kibirizi, chagua waliokaushwa kwenye chanja sio waliotandazwa mchangani, osha, kaanga kavu kidogo, twanga na vichwa vyake mpaka unga, kijiko kimoja cha chakula kwenye kila bakuli lake. Hapo kuna protini, madini ya chuma, kalsiamu. Mwezi ukiwa mpevu dagaa wanaadimika na bei inapanda, kwahiyo twanga wa kutosha mapema uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mgebuka wa kuchemsha umechambuliwa miiba ni mlaini kuliko nyama yoyote, huo umpe hata kesho. Mawese ni utajiri wetu, ile rangi nyekundu ndo inayotengeneza vitamini A mwilini, lakini mkiyachoma mpaka yawe meupe kwa sababu ya harufu mmeichoma na faida yake, weka kijiko kimoja cha chai cha mawese mabichi mwisho chakula kikishaiva, kinaongeza nguvu bila kuongeza wingi. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hilo ndo la msingi, kila kijiko kiwe na maana. Maharage loweka, chemsha, ponda, chuja maganda mwanzoni.

Unga wa lishe wa nafaka saba uliouliza sitausema sana: mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni kundi moja, kuvirundika hakuongezi kitu, na karanga zikisagwa humo unga unaharibika haraka. Ulezi peke yake unatosha, karanga au dagaa unaongeza siku ya kupika. Chai ya rangi acha kabisa, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe na kumjaza tumbo bure, na ukosefu wa damu wenyewe unaua hamu ya kula. Asali ya Tabora aliyoleta shemeji sa hivi haina shida kwa kiasi kidogo kwasababu kavuka mwaka, ila mwambie yule uliyemtaja mwenye kichanga wa miezi 4 asimlambishe hata tone, chini ya mwaka mmoja asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yote mpaka ya kupumua.

Kunyonya usimwachishe, wanaokwambia "maziwa ndo yanamshibisha, mkatishe" wana nusu ya ukweli. Aendelee mpaka miaka miwili na zaidi ukitaka. Badilisha mpangilio tu: mlo kwanza, ziwa baadae, na saa moja na nusu hivi kabla ya mlo asinyonye wala asinywe uji au juisi ya kutuliza. Kwa umri wake lengo ni milo 3 mpaka 4 kwa siku na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, kila mlo kama robo tatu ya kikombe kile cha mililita 250. Hilo ni lengo la baadae. Wiki hii akila vijiko vitano kwa amani mimi nitafurahi.

Ila kabla hujahitimisha kwamba ni mdomo tu haujajifunza, kuna mambo lazima yaangaliwe na mtu aliyepo hapo, mimi ni mtu wa lishe, namwona kwa maandishi. Nenda kituo cha afya wampime malaria na wingi wa damu, wamwangalie mdomoni kama kuna utandu mweupe usiofutika, masikio, na paa la kinywa mpaka nyuma kabisa, maana kuna watoto wana mpasuko mdogo wa ndani ambao hauonekani kwa nje, maziwa yanatokea puani. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi 6, kadi yako inaonyesha ya minyoo hajapata, na kashafika mwaka anastahili. Waulize pia kuhusu choo chake, mtoto mwenye choo kigumu huwa hali vizuri. Mhudumu wa afya wa mtaani kwenu awe anampima mkono kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, chini ya 11.5 ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu.

Na usisubiri hatua zangu zozote ukiona haya: anapaliwa na kukohoa hata kwa maji matupu au maziwa yako, anapumua kwa sauti ya kama kuna maji kooni baada ya kula, nimonia inajirudia, anatoka jasho na kuchoka akinyonya, midomo inakuwa ya bluu, miguu imevimba, anakataa na ziwa, au amelegea. Uzito ukilala miezi miwili mfululizo pia. Hapo ni hospitali ya mkoa ya Maweni moja kwa moja, na kwa mnaosoma mkiwa Tabora ni hospitali ya Kitete, wakiona inahitaji zaidi watawapa rufaa, kwa kanda hii mara nyingi ni hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mama aliyeuliza chini ya ujumbe wako kuhusu mtoto wa mtindio wa ubongo, nitamjibu kivyake kwasababu yule sio sawa na Rukia na asiige hatua hizi za punje. Kwa leo tu: asimlishe kichwa kikiwa kimeinamia nyuma, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, mwili wima, kijiko kidogo, na baada ya kula asilazwe kwa nusu saa. Amwone mtu wa fiziotherapia amwonyeshe namna ya kumkalisha.

Mama Rukia, kuhusu kwenda kituoni, watoto wana tabia ya kula vizuri kabisa mbele ya daktari au kutogusa kitu kabisa, na wewe unaonekana muongo. Kwahiyo mrekodi kwa simu akiwa anakula nyumbani, dakika tatu zinatosha, mwanga uwe mzuri na uonekane mdomo na mgongo alivyokaa, moja akila kitu laini na moja akinywa maji. Usimrekodi analazimishwa, hiyo tumeacha. Nenda nazo, na baada ya wiki mbili nitumie na mimi pamoja na uzito mpya.